Mabomu ya kuogea yameumuka kama mandazi: kosa liko wapi?

SWALI: Nataka kuwapa wanachama 20 wa chama chetu zawadi ya mabomu ya kuogea, yale matufe ya unga yanayotoa povu yakitiwa majini, tutakapofunga mwaka katikati ya Desemba. Nimejaribu mara moja. Nilichanganya kikombe cha bekingi pauda, nusu kikombe cha ndimu ya unga, mafuta ya nazi, na rangi ya chakula ya maji, nyekundu na kijani. Nikanyunyizia maji kidogo hadi ikashikana. Usiku yalikuwa mazuri. Asubuhi niliyakuta yameumuka kama mandazi, yamepasuka na kutoka vipele, na nilipotia moja kwenye maji likatoa povu kidogo likanyamaza. Tena wengi wetu tunakaa nyumba za kupanga zisizo na hodhi la kuogea. Nifanyeje? (Msomaji, Kayole)

JIBU: Dada, umekosea mahali pawili tu: ulinunua unga usio wenyewe, na uliingiza maji, mara ya kwanza kwenye rangi na mara ya pili ulipokuwa ukinyunyiza. Yote mawili yanarekebishika kabla chama hakijafungwa. Lakini shika kwanza jambo moja ambalo ndilo msingi wa kazi yote, kwa sababu ukilielewa utaweza kujitatulia hata matatizo ambayo sitayataja hapa.

Bomu la kuogea ni ndugu wa Eno ile ya tumbo. Soma nyuma ya pakiti ya Eno, utakuta sodiamu baikaboneti, yaani bekingi soda, na asidi ya sitriki, ambayo sokoni tunaiita ndimu ya unga. Mo Constantine, Mwingereza aliyebuni mabomu haya mwaka 1989, alipata wazo kwenye tembe za dawa zinazochemka majini. Unga wa soda na unga wa asidi vikiwa vikavu kabisa hukaa pamoja kwa amani. Vikipata maji huvamiana, na katika kuvamiana hutoa gesi ya kaboni dioksaidi, chumvi isiyo na madhara, na maji.

Hayo maji ya mwisho ndiyo yaliyokuharibia kazi. Kila kipovu cha gesi kinachotoka huambatana na maji mapya yaliyozaliwa humo humo ndani. Kwa hiyo tone moja uliloingiza saa mbili usiku halikauki likaisha. Linaamsha chembe za jirani, zinatoa maji yao, hayo nayo yanaamsha nyingine, na kazi inaendelea polepole usiku kucha wakati wewe umelala. Gesi inatafuta pa kutokea, ndipo tufe linaumuka na kuota vipele. Kufikia asubuhi sehemu ya nguvu yake imeshatumika mezani, na beseni linapata masalia.

Sasa unga. Bekingi pauda haifai. Ndani yake mna soda kidogo, mna asidi tayari, na mna wanga wa kujazia. Ukiongeza ndimu ya unga nusu kikombe juu yake, asidi inazidi soda kwa mbali, povu linakuwa hafifu, na maji yanayobaki yanawasha ngozi. Nunua bekingi soda tupu, ile ambayo orodha yake ya viungo ina kiungo kimoja tu. Kwa wingi unaotaka, vipakiti vidogo vya duka la mtaa vitakumalizia pesa. Ulizia kilo kwenye maduka ya vifaa vya keki, au yale ya malighafi za sabuni katikati ya jiji, upande wa River Road. Huko huko utapata ndimu ya unga ya kupimiwa.

Na tafadhali, mtu asikuuzie magadi kwa jina la soda. Magadi yale ya mawe au unga wa kijivu yanayotiwa kwenye githeri na mboga za kienyeji, asili yake Ziwa Magadi, ni aina nyingine ya soda, kali kuliko ya keki mara nyingi. Kwenye sufuria ya maharagwe kijiko kimoja hakina neno. Kwenye maji ya kuloweka ngozi yanakausha na kuchubua.

Ndimu ya unga nayo ina aina mbili, na wauzaji wengi hawatakwambia. Kuna isiyo na maji ndani ya chembe zake, na kuna ile iliyofunga maji, karibu asilimia 9 ya uzito wake. Zote zinafaa kwa juisi na viazi vya karai, lakini kwa kazi hii omba ile isiyo na maji. Kwenye gunia au lebo ya Kiingereza imeandikwa “anhydrous”. Ukiona “monohydrate”, iache. Chembe ziwe laini kama sukari ya keki. Zikiwa kubwa kama sukari ya chai, zisage kwenye blenda iliyokauka kabisa, kisha ngoja vumbi litulie kabla ya kufungua kifuniko, kwa maana likiingia puani au machoni utalia.

Pima kwa mizani ya jikoni, usitumie vikombe. Kwa mabomu 20 fanya mafungu matatu, usichanganye yote kwa mpigo, kwa sababu mchanganyiko ukishalowa hausubiri. Fungu moja ni hili: bekingi soda gramu 300, ndimu ya unga gramu 150, konifulawa gramu 70, mafuta ya nazi gramu 15, ambayo ni kijiko kimoja cha mezani. Konifulawa ninayosema ni ile wanga nyeupe ya kukolezea supu na kutengeneza kasted, usiichanganye na unga wa ugali. Fungu hili linatoa matufe 7 ya upana wa sentimita 5, kila moja karibu gramu 75. Mafungu matatu yanakupa 21, na moja la ziada ni la kujaribia.

Kwa nini soda iwe mara mbili ya asidi? Kwa hesabu ya kemia gramu 150 za asidi zinamalizwa na gramu 197 hivi za soda. Hizo zinazobaki ndizo zinazofanya maji yawe laini yasiwashe. Wengine huongeza asidi ili povu liwe la fujo. Povu litakuwa la fujo kweli, na miguu yenye nyufa itauma.

Chumvi ya Epsom utaiona kwenye mapishi mengi. Mimi nakushauri uiache msimu huu. Nusu ya uzito wa chembe zake ni maji yaliyofungwa, na mwisho wa mvua za vuli hewa ya Nairobi tayari ina unyevu wa kutosha bila kuongezewa.

Chagua saa. Asubuhi na mapema na usiku hewa huwa nzito. Saa sita mchana hadi saa kumi ndiyo nzuri, siku isiyo na mvua. Usiwe na sufuria inayochemka karibu, wala birika, wala mtu anayeoga maji ya moto chumba cha pili mlango ukiwa wazi. Mvua ikinyesha, ahirisha.

Chekecha soda na konifulawa pamoja kwenye beseni pana kavu. Yeyusha mafuta ya nazi kama yameganda, na asubuhi za Nairobi huganda, kwa sababu chini ya nyuzi 24 hivi hayabaki majimaji. Tabia hiyo inatufaa: tufe likishapoa, mafuta yanaganda ndani yake na kulikaza. Tia manukato kwenye mafuta, mimina kwenye unga, kisha sugua kwa vidole kama unavyosugua unga wa chapati na mafuta kabla ya kutia maji. Vunja kila donge. Ndimu ya unga iingie mwisho, ichanganywe mpaka usiione.

Hapo ndipo penye kazi yenyewe. Usishike maji. Chukua spiriti ya isopropili ya asilimia 99 kwenye chupa ya kunyunyizia. Ukikosa, spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70 itafanya, ila kumbuka asilimia 30 iliyobaki ni maji, kwa hiyo nenda nayo kwa mkono mwepesi zaidi. Zima jiko kwanza, spiriti hushika moto. Nyunyiza mara moja, changanya haraka kwa mkono ulio ndani ya glavu. Nyunyiza tena, changanya. Kwa fungu moja kijiko kimoja cha chai cha spiriti kwa jumla kwa kawaida kinatosha. Sikiliza: ukisikia mchanganyiko unachacharika kama soda iliyofunguliwa sasa hivi, umezidisha mahali hapo, usugue upesi usambae.

Kipimo ni ngumi. Chota, finya kwa nguvu, fungua mkono. Inayofaa inabaki na alama za vidole vyako vinne, na ukiiangusha kutoka kiganja kimoja hadi kingine, kimo cha upana wa mkono, haivunjiki. Ikisambaratika, ongeza mnyunyizo mmoja. Ikiwa inang’aa au inanata kwenye glavu, imelowa. Ongeza kijiko cha soda na cha konifulawa, usugue tena. Kwa mtu asiyezoea itaonekana kavu mno. Ndivyo inavyotakiwa iwe.

Kalibu si lazima ununue. Yale matufe ya plastiki angavu ya kupamba mti wa Krismasi, yanayofunguka katikati, ni kalibu nzuri. Chagua ya sentimita 5, yawe makavu kabisa ndani. Jaza nusu zote mbili hadi zifurike kama kibaba cha maharagwe sokoni, bila kuzishindilia sana juu, kisha zibane moja kwa moja hadi zikutane. Usizungushe, kuzungusha kunasaga ule mstari wa kati, na matufe mengi yanayogawanyika vipande viwili kesho yake yalizungushwa. Gonga nyuma kwa kijiko taratibu, toa nusu moja, geuza kwenye kiganja, toa ya pili. Una dakika kama kumi kwa fungu zima. Ukiona ya mwisho yanaanza kumomonyoka, mnyunyizo mmoja utayarudisha.

Yakaushe kwenye trei safi ya mayai ya karatasi, kila kishimo kikiwa na tishu. Tufe linakaa sawa bila kubonyea upande, na karatasi inanyonya unyevu. Weka kabatini au chumbani, kivulini, mbali na bafu na jiko, kwa saa 48. Usiyaguse saa 12 za kwanza. Usiyatie kwenye ovena wala friji: joto linaanza kuvunja soda yenyewe, na friji inayalowesha pindi unapoyatoa kwenye hewa ya joto, kama chupa ya soda inavyotoka jasho.

Fanya tufe moja la majaribio kabla ya yote. Soda gramu 40, ndimu 20, konifulawa 10, mafuta gramu 2. Liache usiku kucha. Likiamka bila vipele wala nyufa, endelea. Likiumuka, pana maji mahali: spiriti nyingi, au ndimu ya aina ile ya pili, au hewa. Likipasuka nyufa nyembamba bila kuumuka, lilikuwa kavu mno au ulilitoa kwenye kalibu kwa nguvu. Likimomonyoka ukilishika, hukulibana vya kutosha au chembe zilikuwa kubwa. Likibaki laini kama siagi baada ya siku mbili, mafuta yamezidi, na ukilitia majini litachemka kinyonge na kuacha sakafu ikiteleza.

Rangi ndiyo inayowatesa watu wengi Desemba, kwa kuwa kila mtu anataka nyekundu na kijani. Rangi ya chakula ya maji iache kabisa. Ya unga inawezekana, robo kijiko cha chai kwa fungu, ichanganywe na soda ikiwa kavu. Itaonekana imepauka hadi iguse maji, kisha itatoka kwa nguvu, na ikizidi itapaka nyayo na beseni. Maduka ya malighafi za vipodozi huuza maika, unga unaometa usioyeyuka, nao ndio salama zaidi. Usidhani viungo vya jikoni vitakusaidia. Manjano, yakikutana na soda penye unyevu, yanageuka rangi ya matofali. Hibiskasi nyekundu inageuka kijivu chenye ubuluu. Ni kemia ile ile inayotumika shuleni kutambua asidi na alikali kwa maua. Na vumbi la plastiki la kumetameta lisikushawishi, linaishia mtoni. Kwa maoni yangu tufe jeupe tupu, lenye utepe mwekundu nje ya chupa, linapendeza kuliko la rangi tatu.

Harufu inahitaji tahadhari zaidi kwenu kuliko kwa wenye mahodhi, na hapa naomba usome polepole. Mapishi mengi yameandikwa kwa hodhi la lita 150. Beseni la miguu lina lita 8 au 10. Mafuta yale yale ya manukato kwenye beseni yanakuwa makali mara 15 au zaidi, na mafuta hayayeyuki, yanaelea na kugandama kwenye ngozi. Kwa hiyo matone 30 kwa fungu zima yatosha, yaani matone manne na kidogo kwa tufe. Harufu za Krismasi zetu ziko kwenye kabati la viungo: chungwa, iliki, karafuu. Matone 20 ya mafuta ya chungwa, 8 ya iliki au mchaichai, 2 tu ya karafuu. Karafuu ikizidi hapo inawasha. Mafuta ya maganda ya mdalasini usitumie hata kidogo, yanaunguza ngozi. Ukipata polisobeti 80, kiungo cha kuchanganyisha mafuta na maji, gramu 3 kwa kila fungu zichanganywe na manukato kabla hayajaingia kwenye mafuta ya nazi. Inayasaidia kutawanyika majini badala ya kuelea. Manukato yenye vanila hugeuza tufe jeupe kuwa la kahawia baada ya siku chache. Hayajaharibika, ni tabia ya vanila.

Kukosa hodhi kusikutie unyonge. Tufe la gramu 75 kwenye beseni la maji vuguvugu linatosha miguu ya mtu mmoja, na mama aliyesimama sokoni au nyuma ya kaunta mwezi mzima wa Desemba ataishukuru kuliko zawadi nyingi. Kuna wasiopaswa kupewa: mwenye vidonda au pumu ya ngozi, na watoto wachanga. Mwenye kisukari pia, kwa kuwa madaktari huwashauri wasiloweke miguu. Ganzi inaweza kumzuia kuhisi maji ya moto, na ngozi iliyolowa inachanika kirahisi. Liulize hilo wazi kwenye chama kabla ya kugawa, hasa kwa wale watakaoipeleka kwa shosho ushago.

Kufunga, tumia chupa za jamu au siagi ya karanga zilizooshwa na kukaushwa juani, au mikebe yenye kifuniko kinachobana. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Agosti 2017, na karatasi peke yake haizuii unyevu. Ndani tia kile kipakiti cha chembechembe kinachokuja na viatu vipya, kama bado ni kikavu. Lakini usifunge chupa kabla ya saa 48 kutimia. Tufe moja la gramu 75 lina uwezo wa kutoa karibu lita 8 za gesi. Likifungiwa bichi kwenye kioo, kifuniko kinaweza kuruka au chupa ikapasuka. Likiwa kavu halina shida yoyote. Anayesafiri Mombasa asifungue njiani, hewa ya pwani italimaliza kwa siku mbili. Yakitunzwa hivyo yanadumu miezi miwili mitatu bila kupoteza nguvu. Zawadi ni zawadi, lakini siku mtakapoamua kuuza madukani mtahitaji alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na lebo yenye viungo vyote.

Yatakayovunjika usiyatupe. Yaponde, yaache wazi siku moja yakauke, yatie kwenye chupa: vijiko vinne vya mezani kwa beseni, povu ni lile lile.

Kwa ratiba yako, jaribu tufe moja wiki ya kwanza ya Desemba, fanya mafungu matatu Jumamosi inayofuata kuanzia saa sita, fungia chupani Jumatatu usiku. Kwenye kila chupa bandika karatasi yenye maneno haya: “Ya kuloweka miguu. Haliliwi, weka mbali na watoto. Jaza beseni nusu maji vuguvugu, yapime kwa kiwiko. Tia tufe kwanza, miguu iingie povu likitulia. Dakika 15. Suuza miguu, futa katikati ya vidole, na upige sakafu maji kabla mtu hajapita.”